EPR Kenya: muagizaji mdogo wa betri za sola na mfungashaji wa rangi anatakiwa afanye nini hasa?

DukaLaPwani

Wadau, habari za saa hizi. Natafuta wanaoijua EPR (wajibu wa mzalishaji kushughulikia bidhaa yake hadi inapogeuka taka) kwa vitendo, si ile ya vijarida vya semina.

Biashara iko Mombasa. Kwa mwaka tunaingiza taa za sola 6,000 (kwa mujibu wa kiwanda, kila moja ina seli moja ya lithiamu ya 18650, ile ya mviringo), betri za jeli za volti 12, Ah (ampea-saa) 100, kiasi cha 400, na balbu za LED. Upande wa pili tunanunua rangi ya mafuta na thina kwa madebe ya lita 20 kutoka kiwanda cha hapa nchini, tunapima kwenye mikebe ya lita moja na nusu lita, tunabandika nembo yetu.

Nina maswali manne. Rangi hatukuitengeneza sisi, je bado tunahesabiwa wazalishaji? Tukijiunga na shirika la pamoja la wazalishaji na kulipa ada, jukumu limetutoka? Wateja wameanza kurudisha taa mbovu na betri zilizovimba, tuzihifadhi vipi wakati tunatafuta pa kuzipeleka? Na ada tuihesabu kwa kilo au kwa kipande?

---

HesabuZaTaka

La kwanza ni jepesi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 haiulizi nani alikoroga rangi. Mzalishaji ni yeyote anayeingiza bidhaa sokoni kwa kuitengeneza, kuiagiza, kuibadilisha, kuijaza, kuijaza upya, kuifungasha upya au kuipa chapa yake. Kwenye taa na betri wewe ni muagizaji. Kwenye rangi umefungasha upya na ukabandika nembo. Kote umo. Kifungu cha 13 ndicho kinachobeba wajibu wenyewe, na Kanuni za EPR za 2024 zinaeleza usajili NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) na njia mbili za kutekeleza: mpango wako binafsi au mpango wa pamoja.

Ila kwenye rangi angalia usilipe mara mbili. Kiwanda kinaweza kuwa kimeshatangaza lita zilizomo kwenye yale madebe ya 20. Kiombe barua inayotaja lita hizo kwa namba za ankara, halafu wewe utangaze ulichoongeza, yaani mikebe, vifuniko na lebo. Bila barua hiyo mkaguzi atakuandikia vyote viwili, rangi na mkebe wake.

La pili: hapana, halikutoki. Unachokabidhi shirika ni kazi. Jina kwenye rejista linabaki lako. Kabla hujalipa waulize nani anapima uzito na kwa mzani wa nani. Seli za lithiamu za mwaka uliopita ziliishia kituo gani chenye leseni, na cheti cha kuzipokea kiko wapi. Wakikusanya pungufu ya lengo, pengo hilo nani analiziba. Wakikujibu kwa jumla ya tani tu, bila kutenganisha aina za bidhaa, funga mkoba wako kwanza. Sababu iko kwenye bidhaa zako mwenyewe.

Seli ya 18650 ina gramu 45 hivi. Zidisha mara 6,000, unapata kilo 270. Betri ya jeli ya Ah 100 ina kama kilo 30, mara 400 ni kilo 12,000. Jumla kilo 12,270, na lithiamu ndani yake haifiki hata asilimia tatu. Sasa tuseme mmepewa lengo la asilimia 45 ya uzito wa betri zote kwa pamoja. Hiyo ni kilo 5,521 na ushei. Betri za jeli 185 zinatosha kulifikia, na seli ya lithiamu hata moja haijaguswa! Karatasi inapendeza, seli ziko jalalani. Ndiyo maana Ulaya lengo lao la asilimia 63 ifikapo mwisho wa 2027, na 73 mwisho wa 2030, linahusu betri ndogo za kubebeka peke yake. Za magari na za viwandani zina hesabu yake mbali.

Kwa hiyo ada yako itengwe kwa aina. Risasi iliyomo kwenye betri za jeli ina bei sokoni, hizo zitakusanywa hata bila wewe. Pesa ipelekwe kwenye vitu visivyo na mnunuzi: lithiamu na rangi iliyobaki.

---

FundiSeli

Mimi naanzia kwenye zilizovimba, hizo hazisubiri kikao.

Seli ya 18650 haivimbi. Ganda lake ni chuma. Ikiharibika huvuja, au hufungua tundu lake la usalama na kutoa gesi. Ukiona kitu kimevimba ni moja kati ya mawili. Ama ndani ya taa kuna seli ya pochi, ile bapa yenye mfuko wa rangi ya fedha, maana yake kiwanda kilikubadilishia bila kukwambia. Ama ni betri ya jeli iliyochajiwa kupita kiasi, na hapo mara nyingi kosa ni kidhibiti cha sola kilichoachwa kwenye mpango wa betri ya maji (ile yenye asidi ya kumiminika): kinapandisha hadi volti 14.8 au zaidi, ilhali jeli nyingi zinataka kuishia kati ya 14.1 na 14.4.

Fungua taa tano kutoka kila shehena uandike ulichokuta. Taa nyingi za sola siku hizi zina seli nene ya 32650 ya fosfeti ya chuma, LFP, yenye gramu kama 140. Ukikuta hiyo, kilo 270 za HesabuZaTaka zinapanda zaidi ya mara tatu na tamko lako la NEMA linakuwa la uongo. Na kuna jambo la pesa: LFP haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo mchakataji hakulipi kitu, wewe ndiye unamlipa. Zikichanganywa na zenye kobalti, pipa zima linapimwa kwa bei mbaya. Tenganisha toka mwanzo.

Uhifadhi sasa. Seli ikishatoka kwenye taa, ziba ncha zote mbili kwa tepu ya umeme kabla hujaiweka karibu na nyingine. Chukua ndoo ya chuma ya lita 20, tandika mchanga mkavu sentimita tano, panga seli safu moja zisigusane, funika kwa mchanga, safu nyingine, hivyo hivyo hadi robo tatu. Kifuniko kikalie tu, usikibane. Seli moja ikitoa gesi kwenye ndoo iliyobanwa una bomu. Mchanga wa ufukweni haufai kabisa: una chumvi, unavuta unyevu, unapitisha umeme na kula ncha. Tafuta wa mtoni, uoshe, uanike. Za pochi zilizovimba zikae ndoo yake, nje ya jengo, chini ya kivuli, mbali na thina yako.

Zenye afya usizizike. Pima volti. Seli ya kobalti au nikeli iliyo juu ya 3.0 yaweza kuchajiwa, kupimwa uwezo na kurudi kwenye taa. Iliyoshuka chini ya 2.0 usijaribu kuiamsha: shaba ya ndani imeshaanza kuyeyuka, ukichaji inajijenga pasipotakiwa na kupiga shoti humo humo ndani. (LFP mipaka yake ni mingine, usitumie namba hizi.)

Halafu ile ya kutumbukiza seli kwenye maji ya chumvi "ziishe chaji", iacheni. Chumvi inakula ncha kwanza, mita inasoma sifuri, kumbe chaji bado imo ndani. Na maji yenyewe yanakuwa taka ya sumu. Tumia resista ya omu 10, wati 5. Seli ya Ah 2.5 iliyojaa inaisha kwa saa saba hivi.

Moto ukitokea, maji mengi ndiyo yanayopoza. Kizima moto cha unga kinazima ndimi tu, joto linabaki na seli ya jirani inafuata. Moshi wake una floridi ya haidrojeni, asisimame mtu upande unakoelekea upepo.

---

MzaniWaSkrepa

HesabuZaTaka, betri za jeli "zitakusanywa hata bila wewe"? Zitakusanywa, ndiyo. Angalia zinakofikia basi.

Betri ya asidi ni risasi kwa kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wake. Wa mwisho kwenye mnyororo ananunua risasi, halipii maji, basi kila aliye chini yake anakatwa bei kwa betri yenye maji. Matokeo yake mkusanyaji anaimwaga mtaroni kabla hajafika kwenye mzani. Betri ya maji ya Ah 100 inabeba lita sita, saba hivi za asidi yenye risasi ndani yake. Jeli haimwagiki, hiyo inapasuliwa kwa panga ili mabamba yatolewe, na vumbi la mabamba ndilo baya kuliko asidi, linaingia nyumbani na nguo. Watu wa Mombasa hawahitaji kuhubiriwa hili: kiwanda cha kuyeyusha betri pale mtaa wa Owino Uhuru kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, na kesi ya wakazi walioathiriwa na risasi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri zile zilikuwa "zimekusanywa".

Kwa hiyo pesa ya EPR ina kazi hata penye bei, ila kazi yake ni kulipia ukamilifu wa betri. Nunua kwa kipande kulingana na ukubwa, usinunue kwa kilo. Weka jedwali ukutani: modeli, uzito wake ikiwa nzima. Ya maji yenye kilo 30 ikija na 23 imeshamwagwa. Usiikatae, maana itakwenda kwa mwingine asiyeuliza. Ipokee kwa bei ya chini sana na umwambie muuzaji kwa nini. Wakusanyaji wanajua hesabu kuliko sisi, wiki ijayo italetwa nzima.

Ghalani: sakafu ya saruji isiyo na mfereji wa kutoka nje, paleti, betri zimesimama, vifuniko vimefungwa, karatasi ngumu kati ya safu na safu, safu tatu mwisho. Ncha zielekee juu na zisiguswe na chuma. Karibu na mlango weka magadi soda ya viwandani kwenye ndoo yenye kifuniko. Lita moja ya asidi ya betri iliyojaa chaji inaliwa na karibu nusu kilo ya magadi soda. Weka gramu 600 kuwa na uhakika. Ile soda ya kuokea keki inafanya kazi pia ila utahitaji kama gramu 800, na ni ghali. Nyunyiza kuanzia pembeni kuja katikati, ukimimina katikati linafuka povu na kurusha asidi. Subiri povu likome, pima kwa karatasi ya pH hadi ufike kati ya 6 na 8. Tope linalobaki lina risasi. Zoa, weka kwenye pipa la taka za sumu. Ukiliosha kwa mpira wa maji umeshapoteza faida yote.

Anayekuja kuchukua awe na leseni ya kusafirisha taka hatari na hati ya kufuatilia mzigo, na nakala irudi kwako ikiwa na saini ya aliyepokea. Na huyo anayeyeyusha, swali la kumpima ni moja tu: slagi yako (mabaki ya kuyeyusha) unaipeleka wapi? Aliye safi anakuonyesha mkataba. Wengine huanza kusifu mitambo yao.

---

HesabuZaTaka

Nakubali, MzaniWaSkrepa. Niliangalia kilo nikasahau hali ya betri inapofika. Basi ripoti iwe na safu mbili kwa betri za asidi: zilizofika nzima, na zilizofika zimemwagwa au kupasuliwa. Safu ya pili isihesabiwe kwenye lengo.

---

MkemiaWaRangi

DukaLaPwani, upande wa rangi na thina una ubishi wa aina yake, kwa sababu hapa bidhaa iliyotumika vizuri haiachi kitu zaidi ya mkebe. Taka ni kilichobaki. Marekani shirika la mazingira, EPA, limekuwa likikadiria kwamba kama asilimia 10 ya rangi inayonunuliwa na wenye nyumba hubaki bila kutumika. Mikebe yenu ya nusu lita, kwa bahati, ni kinga: fundi anayehitaji kupaka mlango mmoja halazimiki kununua lita nne. Liandikeni hilo kwenye mpango wenu, ni hoja halali ya kupunguziwa ada. Jimbo la British Columbia, Kanada, lina mpango wa wazalishaji wa rangi tangu 1994, Oregon walipitisha sheria yao 2009, na Vermont mwaka 2023 wakasogea mbali zaidi wakaingiza bidhaa nyingine za sumu za nyumbani kwenye wajibu huo huo. Kote rangi ilitangulia.

Mkipokea zilizorudishwa, kazi ya kwanza ni kutenganisha ya maji na ya mafuta. Lebo imefutika? Chovya kijiti, kisuuze kwenye maji: ya maji inatawanyika, ya mafuta inang'ang'ania kijitini.

Ya maji ambayo haijaoza (utaijua kwa pua) inaweza kuchujwa kwa nailoni na kuchanganywa na za rangi inayokaribiana, ikauzwa kama rangi ya kwanza ya ukutani. Nyeupe na krimu ziwe pipa lake. Kopo moja la buluu linaharibu pipa zima. Iliyooza au iliyoganda changanya na unga wa mbao au saruji hadi isibaki tone la majimaji.

Sasa sikiliza hapa. Usifanye hivyo kwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta inakauka kwa kula oksijeni, na inapokula inatoa joto. Ukiichanganya na unga wa mbao ukairundika kwenye gunia, joto halina pa kutokea, usiku gunia linawaka lenyewe. Matambara ya mafundi ni hivyo hivyo: yaanikwe yametandazwa nje au yatumbukizwe kwenye debe la maji lenye kifuniko. Rangi ya mafuta yenyewe ikae kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, ikachomwe kwenye tanuri la saruji lenye kibali. Mle ndani klinka (saruji kabla ya kusagwa) inaungua kwa nyuzi kama 1,450, sumu za kikaboni zinakatika. Tanuri la kuchomea taka la kawaida halifiki huko.

Makopo ya zamani sana, hasa ya njano, chungwa na nyekundu, msichanganye na chochote. Rangi hizo zilipendwa sana kutengenezwa kwa kromati ya risasi, na kiwango kinachoruhusiwa sasa ni sehemu 90 tu kwa milioni. Kopo moja la aina hiyo kwenye pipa la kuuzwa upya, nanyi ndio mnaouza rangi ya risasi kwa nembo yenu.

Thina: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi ukute cheche. Mahali pa kupimia pawe mbali na chumba cha betri (FundiSeli ameshasema, narudia kwa makusudi). Debe na mkebe viunganishwe kwa waya wa shaba unaoshuka ardhini kabla hujamimina, maana thina ikitiririka inazaa umeme tuli. Jaza asilimia 90 hadi 95, joto la Mombasa linaitanua. Na msipakie kamwe kwenye chupa za maji au soda hata kama mteja amekuja na yake. Hapo wajibu wa mzalishaji unaanza na mtoto mwenye kiu.

Thina chafu iliyorudi iachwe itulie siku mbili tatu, ya juu inayong'aa imiminwe itumike kuoshea brashi, tope liende pipa la rangi ya mafuta. Mkebe uliokauka kabisa, kifuniko wazi, ni chuma chakavu cha kawaida.

---

DukaLaPwani

Mmenifungua macho, hasa la kufungua taa za kila shehena. Narudi kwenye ada. Mteja wa taa anaangalia shilingi kumi. Nikipandisha bei jirani asiyejisajili ananimaliza. Na hii si ndiyo ile eco levy (ushuru wa mazingira) watu waliandamana kuikataa?

---

HesabuZaTaka

Siyo ile. Eco levy ilikuwamo kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ikafa pamoja na mswada wenyewe Juni ile rais alipokataa kuutia saini. Ilikuwa kodi: ingekwenda Hazina, na hakuna kifungu kilichoilazimisha kurudi kununua hata betri moja. Ada ya EPR inapaswa kukaa kwenye akaunti ya mpango wako na kutoka kwa risiti ya kazi iliyofanyika. Uking'ang'anizwa kuilipa mahali ambapo huwezi kudai hesabu ya matumizi, basi imegeuka kodi kwa mlango wa nyuma, na ulalamike.

Hesabu ifanye kwa kipande, si kwa kilo. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za kwako. Taa 6,000 zimeuzwa, unatarajia asilimia 40 zirudi: taa 2,400. Unampa anayerudisha shilingi 20, hiyo ni 48,000. Seli zake ni kilo 108. Mchakataji akidai 250 kwa kilo, 27,000. Ndoo, tepu, mtu wa kufungua na usafiri, weka 45,000. Jumla 120,000, gawa kwa taa 6,000 zilizouzwa: shilingi 20 kwa taa. Ukikuta ni zile LFP za gramu 140, kilo zinafika 336, malipo ya mchakataji yanapanda hadi 84,000 na ada inakaribia 30. Plastiki na paneli zina hesabu yake, lakini hazilipuki.

Kitu cha kuangalia: taa ya mwaka huu itarudi baada ya miaka miwili, mitatu, minne. Mwaka wa kwanza akaunti itaonekana imeshiba na utatamani kuikopa. Ifungue benki kando, saini mbili.

Kuhusu jirani, huyo ndiye anayeua mipango hii kila nchi. Dawa ya sokoni ni kupokea za chapa yako peke yake kwa malipo, na za wengine bure bila kulipa, huku ukizipima na kuziandika kwa chapa. Orodha hiyo ya chapa na kilo, mkiipeleka NEMA kupitia shirika lenu, inamtaja jirani bila nyinyi kupiga kelele.

---

DauLaDar

Mkuu, habari kutoka upande wa pili wa mpaka, Tanzania. Kama sehemu ya taa hizo unauza jumla kwa watu wa Tanga, zitoe kwenye tamko lako la Kenya, lakini kwa karatasi za forodha za Lungalunga na Horohoro. Zilizopita njia za panya zinabaki zako kwenye vitabu. Aliyeziingiza huku ndiye muagizaji mbele ya NEMC (baraza la mazingira la huku), na Tanzania ina kanuni zake za taka za umeme na elektroniki za 2021.

Mtego uko kwenye kurudisha. Mteja wa Tanga akikuletea gunia la taa zilizokufa Mombasa, hiyo ni taka inayovuka mpaka. Toka Januari mosi 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka zinazovuka mipaka, unataka kibali cha awali cha nchi zote husika kwa taka zote za elektroniki, hata zile zisizo na sumu. Fundi akupigie picha ya namba ya taa, umpe mpya kwa dhamana, ya zamani ibaki ipokelewe huku huku. Betri za asidi vivyo hivyo, hizo Basel imezibana siku nyingi.

---

Bi_Maunzi

Samahani kuingilia, mimi nina stoo imejaa tyubu za futi nne na zile balbu za kubana umeme zenye zebaki, zilizotolewa tulipofunga LED. Niliyezinunua kwake alishafunga duka. Hizi ni za nani?

---

MkemiaWaRangi

Dada, hizo ni yatima, na zitakuwa nyingi. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, balbu za kubana umeme zenye kifaa chake ndani zilipangiwa kukoma kutengenezwa na kuingizwa 2025, na tyubu zikapangiwa 2026 na 2027 kulingana na aina. Uagizaji ukikoma hakuna tena wa kulipa ada, huku zilizoko madarini zinaendelea kushuka miaka kumi. Maoni yangu ni kwamba wanaouza LED wabebe gharama hiyo kwa kipindi, soko ni lile lile wamelirithi. DukaLaPwani naye yumo hapo, samahani ndugu.

Kwa sasa zirudishe kwenye makasha yake au zifunge kwa magazeti, zilale, usizisimamishe kona. Usizivunje kupunguza nafasi: kila moja ina miligramu chache za zebaki, na ni mvuke ndio unaoumiza. Ikivunjika, watu watoke, madirisha wazi dakika 15, kisha zoa kwa kadi ngumu na umalizie kwa tepu, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Ufagio na mashine ya kufyonza vumbi vinaipeperusha.

---

FundiSeli

DukaLaPwani, la mwisho kabla hujaagiza shehena nyingine. Gharama ya 45,000 ya HesabuZaTaka iko zaidi kwenye mikono ya anayefungua taa. Taa iliyogundishwa kwa gundi inafunguliwa kwa kisu, na kisu kikiteleza kinatoboa seli. Kwenye oda andika: ganda lifungwe kwa skrubu nne za kichwa cha msalaba, seli iunganishwe kwa plagi badala ya kulehemu waya, aina ya kemia na Ah vichapishwe kwenye seli na nje ya ganda, na kubadilisha kemia bila idhini yako kuwe sababu ya kukataa mzigo. Wakikwambia haiwezekani, waulize toleo lao la soko la Ulaya, ambako toka Februari 18, 2027 betri za kubebeka lazima mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe. Omba sampuli mbili, zifungue mwenyewe kabla ya kulipa amana.